Tapeti za ekzosi kwenye B18C zinazidi kubana kila nikipima, kisa ni nini?

#1 Chuma_cha_Tegeta

Wakuu salaam.

Nina Integra DC2, injini B18C, gia za mkono. Mara ya mwisho nilipofungua tapeti kava nilizipanga zote mwenyewe, yaani ile nafasi kati ya roka (mkono unaosukuma valvu) na valvu: inleti (za kuingiza hewa) milimita 0.17, ekzosi (za kutoa moshi) 0.19. Kitabu kinataka inleti 0.15 hadi 0.19 na ekzosi 0.17 hadi 0.21, kwa hiyo nilikaa katikati kabisa.

Sasa hivi injini ikiwa ya baridi inatetema, ikipata moto inatulia. Nimefungua tena nikapima kabla ya kugusa skrubu yoyote. Inleti zote ziko 0.16 na 0.17, hazina shida. Ekzosi ndiyo hizi:

Silinda 1: 0.14 na 0.15
Silinda 2: 0.14 na 0.14
Silinda 3: 0.10 na 0.11
Silinda 4: 0.15 na 0.14

Kelele hakuna hata kidogo, injini iko kimya kuliko ilivyokuwa. Kuzirudisha najua, skrubu na nati tu. Ninachotaka kujua ni kwa nini ekzosi peke yake zinabana, na kwa nini namba 3 imezidi wenzake. Na jambo la pili: fundi mmoja hapa mtaani ameniambia nizipange injini ikiwa ya moto, kwamba ndiyo hali inayofanyia kazi. Mnasemaje?

#2 Kijana_wa_Gerezani

Naweka kambi hapa. Mimi naona hizo roka zimelika mkuu. Gari za Honda zikikaa sana na oili chafu, roka na kamshafti (shafti inayosukuma roka) vinasagana. Tafuta seti nyingine ya roka, used zipo.

#3 FundiMpole_Arusha

Mkuu #2, umegeuza. Roka ikilika au kamshafti ikilika, gepu linaongezeka, halipungui. Chuma kimeondoka katikati, nafasi inakuwa kubwa, na hapo ndipo unaposikia tap tap tap. Jamaa yeye nafasi inapungua na injini inazidi kunyamaza. Hiyo ni stori nyingine kabisa.

Nafasi kupungua maana yake ncha ya valvu imepanda juu kuelekea kwenye roka. Inapandaje? Kichwa cha valvu kinazama ndani ya siti yake (pete inayokalia ikifunga). Kila kinapozama kidogo, mguu wa valvu unasogea juu kwa kiasi hicho hicho. Au valvu yenyewe imerefuka, yaani chuma chake kimevutika kwa joto. Njia ni hizo mbili, na zote huanzia ekzosi kwa sababu ndiyo inayopitiwa na moto. Inleti inapoozwa na hewa mpya inayoingia.

Na hiyo 0.10 usiiendeshe hivyo hivyo mkuu. Karibu robo tatu ya joto la valvu ya ekzosi hutoka kupitia siti, pale valvu inapokuwa imefunga. Gepu likiisha valvu haikai sawasawa kwenye siti, joto halina pa kutokea, ukingo unaanza kuungua. Ikishapata kajinafasi ka moto kupita, haichukui muda inatoboka. Tapeti inayopiga kelele inakera masikio tu. Iliyonyamaza bila sababu ndiyo ya kufungua haraka.

#4 Mzee_wa_Violet

Vijana hamjambo. Mimi nimeshika spana tangu enzi za Datsun 120Y. Tapeti zilipangwa injini ikiwa ya moto, 0.35 inleti na ekzosi, ukimaliza unawasha unasikiliza. Huyo fundi wa mtaani hajakosea. Injini inafanya kazi ikiwa ya moto, chuma kimeshatanuka, ndiyo nafasi ya kweli unayoipima.

Mkumbuke Datsun Violet ya Shekhar Mehta ilichukua Safari Rally mara 4 mfululizo, 1979 hadi 1982. Tapeti za magari yale hazikupangwa kwa kubahatisha.

#5 FundiMpole_Arusha

Shikamoo mzee.

120Y umesema kweli, 0.35 moto. Na Datsun za L20B kitabu kilitoa vipimo viwili: moto 0.25 inleti na 0.30 ekzosi, baridi 0.20 na 0.25. Kwa hiyo hata Datsun wenyewe walijua kwamba ukibadilisha joto, namba lazima ibadilike. Hapo ndipo hatari ilipo kwa huyu kijana. Namba za Honda 0.17 hadi 0.21 zimeandikwa kwa injini ya baridi, na wamefafanua baridi ni nini: hedi (kichwa cha injini) iwe chini ya nyuzi 38. Akichukua namba ya baridi akaipima kwenye injini ya moto, amechanganya vitabu viwili.

Halafu injini ya 120Y na ya B18C hazitanuki sawa. Ile ilikuwa na kamshafti chini kwenye bloku, fito ndefu zinapanda juu. Hii ina kamshafti mbili juu ya hedi ya alumini, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Moto ukipanda, hedi inakua, valvu inakua, kila kimoja kwa kasi yake. Waliounda injini wameshalipigia hesabu hilo ndani ya namba ya baridi.

#6 Mzee_wa_Violet

Marahaba. Hesabu yako naielewa. Ila mimi nimeona injini zilizopangwa baridi kwa kitabu zikaja kugonga zikipata moto, na nimeona zilizopangwa moto zikaenda miaka. Macho yangu siwezi kuyakana.

#7 Bin_Matrah

Nawasoma kutoka Maskati. Hiyo nyuzi 38 ya Honda huku wakati wa kiangazi ni mtihani. Mchana kivulini tu joto limeshapita 38, kwa hiyo gari hata kama halijawashwa siku mbili halijawa "baridi" kwa maana ya kitabu. Sisi tunapima alfajiri baada ya swala, gari likiwa limelala ndani, na hata hapo nabandika kipimajoto kwenye hedi kwanza. Ndugu yangu wa Tegeta, ulipima saa ngapi? Ikiwa mwanzo ulipanga kabla jua halijachomoza na safari hii umepima saa nane mchana, hizo namba mbili si za kulinganishwa.

#8 Chuma_cha_Tegeta

Swali zuri. Mara zote mbili nimepima asubuhi, gari imelala chini ya paa. Kwa hiyo sidhani kama ni joto. Na hata kama ni joto, lingegusa silinda zote sawa, namba 3 isingejitenga.

#9 OtisNairobi

Sasa wadau. Kabla hatujazika hiyo hedi, tuulize kwanza kuhusu mkono. Boss, ulipopanga mwanzo, baada ya kukaza nati ulipima tena ama uliendelea na inayofuata?

Naulizia kwa sababu hizi skrubu za B series zina tabia. Unaweka fila (bapa la kupimia nafasi) ya 0.19, inateleza vizuri, unashika skrubu kwa bisibisi, unakaza nati kwa spana ya ringi. Nati ikifika mwisho inavuta skrubu pamoja nayo, kidogo tu, na hapo 0.19 yako imekuwa 0.15 na hujui. Ukiwa wa kutumia mkono wa kulia, kuna silinda ambazo mkono unakaa vibaya na nati inavuta zaidi. Kwangu hupenda kuwa zile za katikati, kwa sababu kiwiko kinagonga.

Dawa yake: kaza, toa fila, rudisha fila, pima upya. Halafu tumia fila mbili. Ukitaka 0.19, ya 0.19 ipite kwa kukwaruza, ya 0.22 ikatae kabisa. Ikiwa zote mbili zinapita, gepu bado ni kubwa. Na fila yenyewe iangalie, zile za bei ya chini za Kirinyaga Road zikikunjwa mara kadhaa zinakuwa na wimbi, 0.19 inajifanya 0.21.

#10 Chuma_cha_Tegeta

Nilipima tena baada ya kukaza, kila moja. Na fila ni zile zile. Inleti nilizipanga siku hiyo hiyo kwa mkono huo huo na zimekaa pale pale, ndiyo maana nimeshindwa kujilaumu.

#11 OtisNairobi

Haya, nimekubali nusu. Ekzosi ziko mbele upande wa radieta na inleti ziko nyuma upande wa kioo, mkono haukai sawa hizo pande mbili. Bado sijauondoa mkono kwenye kesi.

#12 Simba_Mwendokasi

Mnazunguka sana. Hili ni petroli. Zamani petroli ilikuwa na risasi, risasi ilikuwa inalainisha siti za valvu. Wakaitoa, tangu hapo siti zinaliwa. Hii imekuja kwa gari zote.

#13 BintiKrenki

Mkuu #12, kwa Peugeot 404 ya babu ningekukubalia. Kwa B18C hapana. Ni kweli nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia Januari 2006, na ni kweli risasi ilikuwa inalinda siti laini za injini za zamani. Lakini Japani waliachana nayo kabla B18C haijazaliwa. Hii injini imeundwa kwa petroli isiyo na risasi, siti zake ni ngumu tangu kiwandani. Haijawahi kuihitaji risasi hata siku moja.

Mimi nauliza kitu kingine. Chuma_cha_Tegeta, hiyo gari imewahi kufungwa gesi? Hapa Dar watu wanafunga CNG kwenye kila kitu sasa. Gesi ni kavu. Petroli ikiingia kwa matone inapooza na kuacha utando fulani, gesi haiachi chochote. Injini ikikimbizwa mizunguko ya juu kwa gesi, siti za ekzosi huzama. Nimeona kwenye magari ya kazi: mwenye gari anafurahia bei ya gesi, tapeti hazigusi, halafu anashangaa kompresheni imekwenda wapi.

#14 Chuma_cha_Tegeta

Mimi sijafunga gesi. Ila dada umenifanya niende kuinua zulia la buti. Kuna matundu manne ya boliti kwenye sakafu, yamepangwa mstatili, kingo zake zimepakwa rangi nyeusi kwa brashi, rangi si ya kiwandani. Mwenye gari kabla yangu hakuniambia lolote.

#15 BintiKrenki

Hapo sasa! Mstatili wa boliti nne ndiyo kitako cha mtungi. Fungua boneti, angalia inteki manifoldi, tafuta vitundu vidogo vinne vilivyozibwa, kila kimoja karibu na injekta. Wakitoa mfumo wa gesi huwa wanaviziba kwa skrubu au gundi ya chuma.

#16 Kijana_wa_Gerezani

Au ilikuwa spika ya besi. Integra yenye boksi la spika kubwa nyuma iko wapi isiyokuwepo? Boliti nne, mstatili, rangi nyeusi. Dada BintiKrenki anaona CNG hata kwenye baiskeli 😂

#17 BintiKrenki

Boksi la spika hulifungi kwa boliti za 10 kupenya sakafu, kijana. Apime upana wa matundu.

#18 Chuma_cha_Tegeta

Boliti ya 8 inapita bila shida, ya 10 inakataa. Kwenye manifoldi sioni kitu kilichozibwa, lakini upande wa chini umekaa gizani, sijaona vizuri.

#19 Kijana_wa_Gerezani

Besi hiyo. Nimeshinda.

#20 Sauti_ya_Reva

Tuache buti turudi silinda namba 3. Siti kuzama kwa gesi kungegusa zote nne karibu sawa. Hapa 1, 2 na 4 zimepoteza kama 0.05, namba 3 imepoteza 0.08 hadi 0.09. Kuna kitu kinachoichoma namba 3 peke yake. Mimi naangalia injekta. Injekta moja ikiziba kidogo, silinda hiyo inapata hewa nyingi na mafuta machache, moto wake unapanda, valvu yake ya ekzosi inapata adhabu kuliko wenzake. Kompyuta ya gari haioni, kwa sababu sensa ya oksijeni inasoma moshi wa silinda zote ukiwa umechanganyika.

Toa plagi zote nne, zilaze kwenye kitambaa kwa mpangilio, piga picha. Kama ya 3 ni nyeupe kuliko wenzake, umeshapata jibu.

Na kumbuka hii si injini ya kwenda sokoni. Kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika kila valvu inafunguka mara 4,000 kwa dakika hiyo hiyo, yaani zaidi ya mara 60 kwa sekunde moja. Kosa dogo la mafuta ambalo kwenye gari ya kawaida lingekaa miaka, hapa linaonekana mapema.

#21 Dereva_wa_Pwani

Nipo Mombasa, nami nina la kuongeza. Mnasema siti, siti, lakini hamjauliza valvu zenyewe ni za nani. Ndugu yetu mmoja hapa aliletewa B16 kutoka Japani, hedi ilikuwa imeshafunguliwa na mtu asiyejulikana. Tapeti za ekzosi zikibana, anapanga, zinabana. Alipofungua akakuta valvu mbili si za Honda, chuma chake laini. Kichwa cha valvu kilikuwa kimeanza kunyongeka mithili ya ua la alasiri, kati pamezama kingo zimeinuka. Siti ilikuwa nzima! Valvu ndiyo iliyokuwa ikivutika.

Kwa hiyo asikimbilie kusaga siti kabla ya kuzitazama valvu. Na swali jingine: aliwahi kukosea gia? Ukitoka ya nne ukitaka ya tano ukatumbukia ya tatu kwenye mwendo, injini inapanda kupita mstari mwekundu na hakuna kompyuta inayoweza kuizuia, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoisukuma. Springi zinashindwa kurudisha valvu kwa wakati, valvu inadundadunda kwenye siti. Mara moja tu inatosha kuacha alama.

#22 Chuma_cha_Tegeta

Mimi sijawahi kuipandisha hivyo. Kabla yangu siwezi kuapa.

#23 OtisNairobi

Dereva_wa_Pwani hapo umegonga. Kwetu Nairobi hiyo ya gia tunaiona sana kwa watu wa Subaru.

Na ukitaka kulia, njoo kwa Subaru. Wewe una skrubu na nati, unafungua kava asubuhi, saa sita umemaliza. EJ257 ina vikombe juu ya valvu, visivyo na shimu (vibati vya kurekebisha nafasi). Inleti 0.20, ekzosi 0.35. Ikibana, kamshafti inatoka, kikombe kinatoka, unapima unene wake kwa maikromita, unapiga hesabu: unene wa zamani jumlisha nafasi uliyopima toa nafasi unayotaka. Halafu utafute kikombe cha unene huo, ambacho dukani hakipo, unaagiza, gari inalala kwa mawe. Na injini yenyewe imelala chali, hedi ziko ubavuni karibu na chasisi, mafundi wengi wanaona afadhali waishushe yote.

Na huko nako, ekzosi ndizo hubana. Kwa hiyo hili si la Honda peke yake.

#24 Mama_Vitz

Samahani kuingilia. Mimi nina Toyota IST ya injini ya 1NZ. Nayo inahitaji kupangwa tapeti? Fundi ameniambia haina, ni za oili zinajipanga zenyewe.

#25 FundiMpole_Arusha

Mama_Vitz, 1NZ-FE haijipangi. Ni vikombe kama alivyoeleza OtisNairobi, inleti 0.15 hadi 0.25, ekzosi 0.25 hadi 0.35, baridi. Fundi amekosea. Habari njema ni kwamba zinakaa muda mrefu sana kabla ya kusogea, na ukiwa hujafunga gesi huna haja ya kukosa usingizi. Ukifunga gesi, mwambie aandike vipimo kabla na baada.

#26 Mama_Vitz

Shukrani sana. Nimefunga gesi 🙏

#27 BintiKrenki

Mama, pima. Wala usingoje kelele, haitakuja.

#28 Nati_na_Ringi

Kuna mtu ameniuliza inboksi mpangilio wa kuzungusha, naweka hapa ili wote waone, kwa B series tu. Toa plagi zote ili injini izunguke kwa urahisi. Zungusha krenki kinyume cha saa ukiwa umeitazama pulli. B series inazunguka kinyume cha saa, K series ndiyo inafuata saa, na watu wanaotoka kwenye K hukosea hapa. Alama za UP kwenye pulli mbili za kamshafti zikiwa juu, silinda 1 iko topu (pistoni juu kabisa), panga valvu zake nne. Zungusha krenki nusu mzunguko, UP zinaelekea upande wa ekzosi, panga silinda 3. Nusu tena, UP ziko chini, silinda 4. Nusu tena, UP ziko upande wa inleti, silinda 2.

Kwenye kila silinda kuna roka tatu inleti na tatu ekzosi. Skrubu ziko kwenye mbili za pembeni tu. Ile ya kati ni ya VTEC (mfumo wa Honda wa kufungua valvu zaidi kwenye mizunguko ya juu), haina skrubu wala haiguswi. Isukume kwa kidole ikiwa topu, lazima iende yenyewe peke yake na kurudi. Ikigoma au ikivuta wenzake, una tatizo la pini na si la tapeti. Chuma_cha_Tegeta, ulizisukuma za silinda 3?

#29 Chuma_cha_Tegeta

Nilizisukuma zote, zinarudi vizuri.

#30 Simba_Mwendokasi

Sawa risasi nimeiacha. Vipi kaboni? Kaboni ikijaa kwenye siti si inabana nafasi?

#31 FundiMpole_Arusha

Hapana, kaboni inafanya kinyume. Uchafu ukikaa kati ya valvu na siti, valvu inashindwa kupanda hadi mwisho, ncha yake inabaki chini, nafasi inaonekana kubwa. Ukiona ekzosi moja imepanuka ghafla bila sababu, hapo kaboni ishukiwe.

#32 BintiKrenki

Chuma, njia ya kujua bila kufungua hedi ipo. Kabla hujagusa skrubu, fanya kipimo cha kuvuja: silinda iwe topu kwenye kompresheni, pampu ya upepo kupitia tundu la plagi, uangalie asilimia inayopotea, kisha usikilize upepo unatokea wapi. Ukisikia kwenye bomba la moshi ni valvu ya ekzosi. Kwenye inteki ni inleti. Kwenye tundu la kujazia oili ni ringi. Kwenye radieta mapovu, ni gasketi ya hedi. Halafu rudisha 0.19 na urudie kipimo. Kama uvujaji unapungua baada ya kulegeza, valvu ilikuwa inazuiwa kufunga na roka tu. Kama haupungui, siti au valvu imeshaguswa na moto.

#33 Chuma_cha_Tegeta

Nimefanya leo na jamaa mwenye kipimo.

Kabla ya kulegeza: silinda 1, 2 na 4 zinapoteza kati ya asilimia 6 na 8. Silinda 3 asilimia 17, na nimeweka sikio nyuma, upepo unasikika kwenye bomba la moshi, sauti nyembamba kama mtu anapuliza kwa meno.

Nimerudisha zote 0.19 na namba 3 nimeiweka 0.21. Silinda 3 imeshuka hadi asilimia 11. Sauti bado ipo, ila inabidi uzime kila kitu ndipo uisikie.

Plagi: namba 3 ni nyeupe kidogo kuliko 1 na 2. Lakini ya 4 nayo ni nyeupe karibu sawa na ya 3.

#34 Sauti_ya_Reva

Kidogo nyeupe ndiyo nyeupe. Injekta zipelekwe kusafishwa na kupimwa mtiririko, zote nne, na uambiwe namba ya kila moja. Usikubali waseme tu "zimesafishwa".

#35 BintiKrenki

Imeshuka kutoka 17 hadi 11 lakini haijafika 8. Maana yake zote mbili: roka ilikuwa inaizuia, na ukingo umeshaanza kuguswa. Siti imezama. Mimi bado niko na mtungi wa gesi.

#36 Dereva_wa_Pwani

Na ya 4 ingekuwa nyeupe hivyo hivyo kwa injekta, mbona tapeti zake hazikubana kama za 3? Tazameni valvu, jamani. Atie kamera ndogo kupitia tundu la plagi, aiangalie sura ya kichwa cha valvu.

#37 OtisNairobi

Mimi bado nasema apime tena baada ya kilomita 2,000 kabla ya kutumia pesa yoyote. Kitabu cha Integra cha Marekani kinasema maili 30,000 kati ya ukaguzi, karibu kilomita 48,000, lakini hiyo ni kwa injini yenye historia inayojulikana. Kama namba 3 itarudi 0.15 ndani ya 2,000, kuna kitu kinachokula na lazima hedi ishuke. Kama itakaa 0.21, basi ni mkono.

#38 FundiMpole_Arusha

Naungana na OtisNairobi kuhusu kupima tena, lakini si kuhusu mkono. Na usiipandishe kwenye VTEC katikati ya hapo. Valvu ambayo ukingo wake umeanza kuguswa haitaki mizunguko ya juu.

#39 Mzee_wa_Violet

Akishamaliza aipime na ikiwa ya moto, aandike pembeni. Hata kama hatapangia hapo. Akirudi baada ya hizo kilomita apime baridi na moto, tuone zote mbili zimesogea sawa au la. Hilo halimgharimu kitu.

#40 FundiMpole_Arusha

Hilo mzee nakubaliana nawe.

#41 Chuma_cha_Tegeta

Sawa wakuu. Injekta zinakwenda kupimwa, kamera naazima, vipimo vya moto naandika. Nitarudi hapa.

Swali dogo wakati nasubiri: nilipofungua kava nilikuta oili kwenye tundu la plagi ya 2. Nibadilishe gasketi ya kava peke yake?

#42 Nati_na_Ringi

Gasketi ya kava na zile ringi nne za matundu ya plagi, zote pamoja, huuzwa kwa seti. Kwenye pembe za upande wa kamshafti paka silikoni kidogo tu. Nati za kava ni Nm 10 basi, watu wanazikaza kama nati za tairi na kava inapinda, kisha wanalaumu gasketi.

#43 Kijana_wa_Gerezani

Seti hiyo ipo Gerezani, njoo na namba ya injini. Na uje na buti wazi tuyaangalie hayo matundu.

#44 BintiKrenki

Nakuja na mtungi wangu tuujaribishe kama unakaa 😄

#45 Mama_Vitz

Nimepima IST jana. Ekzosi mbili ziko 0.22. Nianzie wapi?